Usiniulize jaketi gani, niulize ikilowa inakuwaje

Nimerudi Kasese juzi na gambuti bado ziko mlangoni zinakauka, kwa hiyo kabla sijasahau wacha niandike haya kwa yeyote anayejipanga kwenda milima ya Rwenzori huku Uganda, maana meseji zinazoingia kwenye simu yangu karibu zote zinauliza kitu kimoja tu, ninunue jaketi gani. Watu wanataka jina la kampuni. Mimi nataka wajue kitu kingine kabisa, kwamba kifaa ambacho hujakiona kikiwa kimelowa chapachapa bado hujakijua.

Msimu huu, kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari, nimeongoza wageni mara sita kupitia Nyakalengija, pale tunapoanzia kupanda, na kila safari nilikuwa na begi moja la ziada la vifaa vya kujaribu, jaketi, glavu, tochi za kichwa, kramponi (meno ya chuma ya kufunga kwenye buti ili usiteleze kwenye barafu), vitu tulivyoachiwa na watu wanaovitengeneza ili tuwaambie vinafanya kazi vipi kwenye mlima wetu. Kila jioni kwenye banda la kulala nilikuwa naandika kwenye daftari nini kimevuja, nini kimekatika, nani amelala na baridi.

Urefu uheshimu, sikatai. Margherita, kilele chetu cha juu kabisa, ni mita 5,109, mlima wa tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, na kule juu kila pumzi inakupa kama nusu tu ya oksijeni unayopata pwani. Ukiona mwenzako anaanza kuyumba, hawezi kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari mmoja, au anakohoa na anahema hata akiwa amekaa, mshushe hapo hapo, usiku huo huo, usingoje asubuhi. Hilo halina mjadala.

Lakini Rwenzori ni mlima wa maji. Mvua nzito ni Machi mpaka Mei halafu tena Septemba mpaka Novemba, ila hata hiyo miezi tunayoita kiangazi inanyesha tu, na ikiacha kunyesha ukungu unakulowesha polepole bila wewe kujua. Halafu kuna kinamasi cha Bigo, unaruka kutoka kichuguu cha nyasi mpaka kingine na ukikosea umezama mpaka goti.

Mwezi wa kwanza nilikuwa na mgeni dada mmoja, mtu wa milima kweli, kwao anaongoza watu wa ski kwenye theluji mbali na barabara, ana nguvu kunishinda. Alikuja na jaketi ya manyoya ya bata, nyepesi, nzuri sana, ya bei ambayo sitaki hata kuitaja. Kwao theluji ni kavu, unaikung'uta tu inadondoka. Huku kwetu kati ya banda la John Matte na la Bujuku ilinyesha saa nne mfululizo, mvua ya nyuzi mbili tatu juu ya sifuri, ile ambayo ni mbaya kuliko theluji yenyewe, na maji yakampitia shingoni na mikononi. Tulipofika Bujuku nikaishika ile jaketi, manyoya yamejikusanya kwenye pembe kama pamba iliyomwagiwa uji, katikati ni kitambaa kwa kitambaa hakuna kitu. Alikuwa anatetemeka na midomo imebadilika rangi. Tukamvua kila kitu, tukampa sweta yangu ya sufu niliyonunua kwenye mitumba, chai yenye sukari nyingi, akaingia slipingi begi na chupa mbili za maji ya moto. Saa moja baadaye alikuwa anaongea vizuri. Jaketi haikukauka mpaka tuliporudi chini.

Kwa hiyo manyoya ya bata yaache kwenye kavera mbili, yaani mifuko ya plastiki, uvae ukiwa ndani ya banda tu. Njiani vaa sufu au flisi. Sufu ikilowa bado inakupa joto kidogo, pamba ikilowa inakunyang'anya. Jinzi usije nayo kabisa, tafadhali.

Sasa jaribio lenyewe, na hili unaweza kulifanya Kampala, Nairobi, popote. Vaa jaketi yako ya mvua, simama chini ya shawa au mtu akumwagie maji kwa jagi dakika ishirini, huku unainua mikono kama unashika kamba. Utajua kila kitu. Maji yakijikusanya kama shanga na kuteleza, sawa. Kitambaa cha nje kikianza kunywa maji na kuwa cheusi basi ile dawa ya juu ya kuzuia maji imeisha, na hapo jasho haliwezi kutoka, unalowa kutoka ndani ukidhani inavuja. Mara nyingi ni sabuni ya unga inayoleta shida hiyo. Isuuze sana, ikauke, kisha pitisha pasi ya moto mdogo ukiweka kitambaa juu yake, kama kwenye lebo hawajakataza pasi. Jaketi mbili za majaribio nilizodhani zimekufa zilirudi hivyo.

Glavu zilinishangaza zaidi. Zile za ngozi za gharama zililowa siku ya pili na vidole vyangu vikashindwa kufungua karabina, ile pete ya chuma ya kuunganisha kamba. Zilizofanya kazi mpaka mwisho ni za mpira zenye kitambaa ndani, kama za watu wa samaki, saizi kubwa kidogo ili vidole vicheze. Beba jozi tatu za aina tofauti.

Kramponi ndipo nilipokosea mimi mwenyewe. Tulikuwa banda la Elena, kama mita 4,540, nikazifunga kwenye buti ndani ya banda jioni, mikanda mikavu, zikashika vizuri, nikaridhika. Saa tisa usiku tukatoka, mvua nyepesi kwenye mawe, na mkanda wa nailoni ukilowa unalegea. Sikuukaza tena. Juu kwenye barafu ya Margherita, nikiwa mbele ya kamba, nikasikia mguu wa kulia unacheza, kisigino kimechomoka. Nikapiga shoka kwenye barafu, nikapiga kelele wasimame, nikafunga upya kwa vidole ambavyo vilikuwa kama kuni. Hakuna aliyeumia, lakini nyuma yangu kulikuwa na watu wawili wanaoniamini. Tangu siku hiyo tunatembea dakika kumi, tunasimama, kila mtu anakaza mikanda tena, na siruhusu mtu kubishana.

Na mawe yamekuwa mengi kuliko zamani. Sisi Bakonzo theluji tunaiita nzururu na milima yenyewe Rwenzururu. Mwaka 1906 yule Duke wa Abruzzi wa Italia alipofika kileleni milima sita yote ilikuwa na barafu, leo imebaki vipande tu, na inaniuma kila nikipanda kuona mwamba mpya ambao mwaka jana ulikuwa umefunikwa. Maana yake kwako ni kwamba utatembea muda mrefu kwenye jiwe lililolowa na kuganda usiku, kwa hiyo soli ya buti iangalie kwa makini kama unavyoangalia meno ya kramponi. Betri za tochi lala nazo ndani ya slipingi begi, baridi inazimaliza.

La mwisho linahusu mapota, wale wanaotubebea mizigo. Vile vifaa vya majaribio vilikuja vya waongozaji peke yao, wala si vya kila mwongozaji, na anayebeba slipingi begi yako kavu mgongoni anapita kwenye Bigo ile ile na sweta moja. Nilimwambia aliyevileta na nitamwambia tena. Wewe unapopakia weka jozi mbili za soksi za sufu na poncho moja ya ziada, umpe pota wako pale Nyakalengija kabla hamjaanza kutembea. Wageni wengi wanagawa siku ya kushuka, na siku hiyo yeye anarudi nyumbani kwenye joto.