Mwanangu hataki kusoma Torati siku ya bar mitzva yake

*Shangazi, mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi London. Niliingia Uyahudi kabla ya kuolewa. Mwanangu atatimiza miaka 13 baada ya miezi mitano. Mwalimu amempa fungu zima la wiki alisome sinagogi. Kila Jumapili ni machozi, na juzi amesema hataki tena. Baba mkwe anasema asiposoma hatahesabiwa mtu mzima. Ukumbi tumeshalipia. Nifanyeje?*
*Mama wa Mmoja*

Mama wa Mmoja, pole. Baba mkwe wako hapo amekosea. Bar mitzva maana yake mwana wa amri, na mvulana huwa hivyo akitimiza miaka 13 kwa kalenda ya Kiebrania, awe amesimama mbele ya gombo la Torati au amelala na homa. Binti ni miaka 12. Kusoma ni desturi ya kuutangaza ukubwa huo, siyo kunakouleta.

Kinachobaki ni asome kiasi gani. Fungu zima mara nyingi hupita aya 100, na gombo halina irabu wala alama za kiimbo. Mtoto aliyebebeshwa mzigo huo hukariri rekodi ya mwalimu kama wimbo; akiteleza neno moja, hajui aingilie wapi. Nadhani mwanao amefika hapo.

Mwombeni rabi apunguze. Sabato anaweza kusoma maftiri peke yake, yaani aya za mwisho, ambazo huweza kuwa tatu tu. Anaweza hata kupanda mbele ya gombo na kusema dua mbili, ya kabla na ya baada, msomaji wa kawaida akamsomea. Mimi ningechagua Alhamisi asubuhi. Siku hiyo usomaji wote huweza kuwa aya 10, zinazogawanywa kwa watu watatu. Tena Alhamisi huvaliwa tefilini, visanduku vya ngozi vyenye maandiko vinavyofungwa kichwani na mkononi, ambazo Sabato hazivaliwi, na kama sinagogi lenu linashika Sabato kwa ukali, siku ya kazi ndiyo pekee ambayo bibi yake wa Mombasa ataweza kutazama kwa simu. Karamu ibaki siku yake. Ukumbi hauna uhusiano na gombo.

Kabla ya yote hakikisheni tarehe na rabi, na mwambie saa aliyozaliwa. Aliyezaliwa baada ya jua kutua anahesabiwa siku inayofuata. Aliyezaliwa Adari, mwezi wa kalenda ya Kiebrania, katika mwaka wa kawaida, akikuta mwaka wenye Adari mbili, husubiri ya pili.

Mazoezi yawe dakika 20 kila siku, si saa mbili za Jumapili. Aanze na zile dua hadi azijue usingizini, kisha alama za kiimbo zenyewe, ndipo aya. Wiki sita za mwisho asome kwenye gombo halisi, kwa sababu herufi zilizoandikwa kwa mkono na mistari isiyo na nukta huwatisha hata waliojiandaa. Sauti yake inaweza kuwa inavunjika wakati huo, basi azoee kuanza chini. Na mwambie wazi: akikosea, aliye pembeni atamsahihisha, atarudia neno, ataendelea. Watu wazima husahihishwa vivyo hivyo kila wiki.

Tefilini nunueni kwa mwandishi wa maandiko matakatifu anayeaminika, mtoto aanze kuzivaa mwezi mmoja kabla, kama desturi ya kwenu inaruhusu. Kosa la kawaida ni kisanduku cha kichwani kushuka kwenye paji la uso. Mahali pake ni juu, nywele zinapoanzia.

Kumkabili mzee si kazi yako, ni ya mumeo. Aende na habari njema mkononi: amwombe babu ndiye amnunulie mjukuu tefilini. Alhamisi wanaitwa mbele ya gombo watatu tu, Kohani (mzao wa makuhani) kwanza, Mlawi (wa kabila la Lawi) wa pili, na kama ninyi si Walawi mwanao ni wa tatu, hivyo babu apewe kulinyanyua gombo. Lina uzito lakini. Mgongo ukiwa unamsumbua, apewe kulifunga na kulivika.

Na zile peremende za kumrushia mtoto akimaliza, nunua laini.