Historia ya Naqoura isianzie 1978

Mdogo wangu, umeuliza kama historia yako ya Naqoura, kijiji cha pwani kusini mwa Lebanon, uianzie mwaka 1978 walipofika walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Mimi ningerudi nyuma. Kijiji kilikuwapo kabla ya kambi yao.

Anza na mpaka wa Lebanon na Palestina, ambao Waingereza na Wafaransa waliafikiana mwaka 1923. Kisha ikae kidogo kwenye reli, maana hapo ndipo penye utamu: mwaka 1942, katikati ya vita, jeshi la Uingereza lilijenga njia ya treni kutoka Haifa kwenda Beirut, likatoboa mahandaki kwenye jabali la Ras Naqoura, rasi iliyo hapo mpakani. Mwaka 1948 daraja lililokuwa hapo likalipuliwa, na treni haikuvuka tena. Machi 1949 Lebanon na Israeli zikatia saini mkataba wa kusitisha mapigano papo hapo Ras Naqoura.

Ukifika 1978, eleza uvamizi wa Israeli wa mwezi Machi, azimio 425 la Baraza la Usalama na kuundwa kwa UNIFIL, kikosi cha hao walinda amani. Jina lake rasmi linasema ni kikosi cha muda. Muda gani huo, miaka zaidi ya arobaini! Vita vya 2006 vya Israeli na Hezbollah, na azimio 1701 lililotaka vikome, vitaje kwa ufupi, vimeandikwa sana.

Tanzania nayo imepeleka polisi wa jeshi huko. Ukimpata mstaafu mmoja, usimuulize siasa. Muulize maduka ya nje ya lango la kambi yaliuza nini.