Vipimo vya damu safi, mbona wanasema mishipa ya ubongo imevimba?

Swali la leo limetoka Wete, kwa dada anaeuguza mdogo wake wa miaka 36, mwalimu wa skuli. Kichwa kilimuuma kama miezi mitatu, kidogo kidogo, akawa anasahau mpaka majina ya wanafunzi wake, nyumbani wakamsomea dua za kumzingua, halafu siku moja chaki ikamponyoka mkono wa kulia hauna nguvu. Wakavuka hadi Dar, wakaambiwa vaskulaitisi ya ubongo. Anauliza: damu zote safi, maradhi yameonekana wapi? Dawa ya saratani ya nini na hana saratani? Na saivi uso umemjaa, jirani wanamwambia aache vidonge.

Dada'ngu pole na kuuguza. Hii ni kinga ya mwili inayogeuka ikashambulia kuta za mishipa ya damu, ukuta unavimba kwa ndani, tundu linakuwa dogo, damu haipiti vizuri na kile kipande cha ubongo kinakosa chakula, ndo kiharusi chenyewe. Sasa kama uvimbe uko kwenye ubongo peke yake, ESR na CRP (vipimo vya damu vya kuonesha uvimbe mwilini) mara nyingi zinatoka kawaida kabisa, kwa hiyo damu safi haimaanishi hana kitu. Wanategemea MRI (picha ya ubongo), picha ya mishipa, na maji ya uti wa mgongo ambayo kwa wengi huwa na kasoro (na hapana, kuchomwa sindano ile hakupoozeshi mtu, nishaulizwa mara ngapi!). Uhakika wenyewe ni kukata kinyama kidogo cha ubongo, ila hata hicho kinaweza kukosea sehemu kikatoka safi, ndo maana si kila mgonjwa anafanyiwa.

Na ni maradhi adimu kweli. Marekani, kule Minnesota, walihesabu wakapata kama wagonjwa 2.4 kwa watu milioni 1 kwa mwaka. Sie Unguja na Pemba sensa ya 2022 tulikuwa karibu milioni 1.9, ikiwa hali ni ile ile basi ni wanne watano kwa mwaka. Kwa hiyo daktari wa kwanza asipoifikiria msimlaumu sana. Huku kwetu kabla ya kuifikiria lazima utoe TB ya ubongo, kaswende, HIV, na kile kirusi cha tetekuwanga na mkanda wa jeshi, maana vyote vinaharibu mishipa vilevile na ukimpa steroidi (dawa za kushusha uvimbe na kinga, kama predinisoloni) mwenye TB bila dawa za TB umemuangamiza.

Hiyo dawa mnayoiita ya saratani ni saiklofosfamidi, inatuliza kinga, kwa kawaida miezi 3 mpaka 6 halafu anahamishiwa nyepesi kama azathiopirini. Inachubua kibofu, anywe maji mengi, mkojo ukiwa mwekundu arudi hospitali siku hiyohiyo. Inaweza pia kuathiri uzazi, kama bado anataka mtoto aseme mapema asione haya.

Uso kujaa ni predinisoloni, ile steroidi. Mtu wa kilo 60 anaanzia kama miligramu 60, yaani vidonge 12 vya 5, lazima uso ujae! Utapungua dozi ikishuka. Ila ASIACHE GHAFLA, mwili umeshasahau kutengeneza homoni yake, ukikata tu presha inaanguka anazimia, na maradhi yenyewe yanarudi. Sukari na presha zipimwe kila anapokwenda kliniki.

Jambo ambalo hukuliuliza: minyoo. Pemba tunaijua, pale maabara ya Ivo de Carneri Chake wameisoma miaka na miaka. Kuna mmoja anaitwa strongiloidi, anaingia kwa miguu mitupu, anakaa kimya miaka, ukipewa steroidi anazaliana mwili mzima na anaua. Muulizeni daktari kama alipewa dawa yake, aivamektini, kama bado basi apewe, albendazo ya mara moja haitoshi hapo.

Na Ramadhani, naona umeandika mwisho kabisa kama unaogopa jibu. Akiwa kwenye saiklofosfamidi asifunge, maji yale ndo yanamlinda kibofu. Akishahamia azathiopirini na predinisoloni imeshuka, zungumzeni na daktari wake, kuna wanaomeza wakati wa daku wakafunga vizuri tu.