Kabla hujanunua maiki: kwa anayeanza podikasti ya Kiswahili

Mazungumzo yangu ya kwanza niliyarekodi Pangani, chini ya mkungu, hatua chache kutoka kwenye jahazi lililopandishwa ufukweni kufanyiwa kalafati, yaani kuzibwa mianya ya mbao zake. Fundi alikuwa mzee aliyepita miaka 70, mwenye kumbukumbu kali na maneno matamu. Nilikaa naye saa nzima. Niliporudi Tanga usiku nikavaa hedifoni, nilichosikia ni upepo, na nyuma ya upepo mtu anayeongea kama yuko ng'ambo ya mto. Simu nilikuwa nimeiweka juu ya ubao katikati yetu, na sikusikiliza hata dakika moja palepale kabla ya kuaga. Wiki iliyofuata nilirudi. Alinisimulia upya bila kinyongo, lakini kile kicheko alichokicheka mara ya kwanza, alipokumbuka safari yake ya utotoni kwenda Pemba, hakikurudi tena.

Kwa hiyo anayetaka kuanza akiniuliza anunue maiki gani, mimi humuuliza kwanza: mdomo wa msemaji utakuwa umbali gani na hiyo maiki? Ukaribu unazidi bei. Ukiisogeza maiki kutoka shubiri mbili hadi shubiri moja, sauti ya msemaji hupanda kwa takribani desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kelele za chumba zinabaki palepale zilipokuwa. Hiyo ni faida ambayo hakuna programu itakayokurudishia baadaye. Kaa kati ya nusu shubiri na shubiri moja, na iweke maiki pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ipite kando yake. Jaribu kwa kutamka "pwani", "papai", "pembe". Ukisikia kishindo kwenye kila P, isogeze pembeni zaidi.

Simu uliyonayo inatosha kuanzia. Ukipata maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ibane kifuani, chini kidogo ya kidevu, mbali na mkufu na kola inayochakacha. Weka simu kwenye hali ya ndegeni. Simu ikiita katikati ya simulizi umeipoteza simulizi. Programu ikiruhusu, rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. Saa moja ya WAV ya mono (njia moja ya sauti), hezi 44,100 na biti 16, inakula kama MB 318, basi hakikisha una nafasi kabla hujatoka nyumbani. Ukishapata pesa ya maiki ya mezani, usivutwe na zile za kondensa zinazosifiwa kwa kunasa kila kitu, kwa sababu kweli zinanasa kila kitu, pamoja na bodaboda ya jirani. Kwa nyumba zetu nashauri maiki ya dainamiki, isiyonasa sana sauti za mbali. Samson Q2U, kwa mfano, inachomekwa kwenye kompyuta kwa USB, na siku ukinunua mikisa utaitumia hiyohiyo kwa waya wa XLR, ule wa pini tatu.

Chumba nacho ni kifaa. Sebule yenye vigae na kuta tupu itakupa mwangwi kama wa msalani. Nenda chumba cha kulala, fungua kabati la nguo, simamisha godoro ukutani nyuma yako, tundika kanga na blanketi mahali panapobaki wazi. Zima feni, joto utalivumilia kwa nusu saa. Mvua ikianza kupiga bati, acha, hakuna namna. Adhana ikilia tunanyamaza mpaka imalizike, tunakunywa maji, tunaendelea. Mgeni wako atakuheshimu kwa hilo, na hutahangaika kukata sentensi iliyoanza kabla ya adhana ikaishia baada yake. Kisha, kabla hamjainuka, rekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali hapo. Ukimya wa ufukweni si ukimya wa chumbani, na utauhitaji kuzibia mapengo unapohariri.

Sasa mahojiano, ambayo kwangu ndiyo kazi yenyewe.

Usifike na maiki mkononi. Fika, piga hodi, toa shikamoo, uliza habari za nyumbani na za wajukuu, kunywa kahawa kama imetolewa. Eleza shida yako kabla ya kuonyesha kifaa. Mweleze kwa Kiswahili cha kawaida kwamba maneno yake yatawekwa kwenye intaneti, kwamba mtu wa Mombasa au wa Muscat anaweza kuyasikia, na kwamba yakishatoka si rahisi kuyarudisha. Muulize kama kuna jambo asingependa litoke. Fanya hivyo mwanzoni, na mwulize tena mwishoni, maana mwishoni ndipo anajua amesema nini. Mzee mmoja aliniomba nitoe habari ya mgogoro wa shamba na ndugu yake. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Niliitoa.

Halafu kuna tabia yetu ya kuitikia. Mswahili anayesikiliza hanyamazi: eeh, naam, kumbe, ahaa. Ni adabu, na bila hiyo msemaji anadhani umechoka. Lakini kwenye rekodi "eeh" yako inakaa juu ya neno lake, na huwezi kuiondoa bila kulijeruhi neno. Ilinichukua miezi kujifunza kuitikia kwa macho na kichwa. Mwambie mgeni mapema: "Mzee, nitanyamaza, lakini niko nawe." Na akimaliza sentensi, subiri. Hesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo kabla hujauliza swali jingine. Mara nyingi jambo lenyewe huja kwenye hiyo tatu.

Maswali ya ndiyo na hapana hayazai kitu. "Ulipenda kazi hii?" itakupa "Sana." Jaribu "Nieleze siku ya kwanza ulipopewa tezo mkononi." Tezo ni chombo cha fundi cha kuchongea mbao. Fundi akitaja neno la kazi yake, usikimbilie kulifasiri wewe. Mwombe yeye: "Mtoto wa Dodoma ambaye hajawahi kuona jahazi, ungemweleza vipi kalafati ni nini?" Utapata pamba inayosokotwa, inayopigwa kwa nyundo katikati ya mbao, na sauti ya nyundo ambayo fundi huisikiliza ili ajue kama pamba imekaa. Halafu nenda ukairekodi hiyo nyundo, peke yake, dakika mbili. Msikilizaji ataliona jahazi.

Wewe mwenyewe unapozungumza, sema na mtu mmoja. Tumelelewa na redio, tangu Radio Tanzania na idhaa za Kiswahili za nje kama ile ya BBC, ambayo ilianza mwaka 1957, na tuliokulia humo tukishika maiki tunageuka watangazaji: "Wasikilizaji wapenzi popote pale mlipo." Podikasti inasikilizwa na mtu mmoja, hedifoni masikioni, yuko kwenye daladala au anaosha vyombo. Mwambie "wewe". Na ongea lafudhi yako. Kama ni ya Tanga iwe ya Tanga, kama ni ya Bukavu au Kisumu iwe ya huko.

Kuhariri sitakaa nako sana. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Jifunze kukata, kupunguza mvumo, na kusawazisha kiwango cha sauti, mengine yatakuja. Wakati wa kurekodi, vilele vya sauti kwenye mita ya programu viishie kati ya desibeli -12 na -6, visifike sifuri. Ukimaliza, lenga LUFS -16 (LUFS hupima ukubwa wa wastani wa sauti ya kipindi kizima) kwa stirio, yaani njia mbili za sauti, au -19 kwa mono, ili msikilizaji asilazimike kuongeza na kupunguza sauti kila anapotoka kipindi kimoja kwenda kingine. Dakika 25 zinanichukua jioni nzima mpaka leo. Jipangie hivyo.

Kuchapisha kunawachanganya wengi, na kosa lake ni la kudumu, kwa hiyo hapa tulia. Hupandishi kipindi Apple Podcasts, kisha Spotify, kisha kwingine. Unakipandisha mara moja kwenye huduma ya kuhifadhi podikasti. Hiyo inakutengenezea anwani ya RSS, na programu za kusikilizia huisoma anwani hiyo na kuchukua kila kipindi kipya. Anwani hiyo ndiyo mali yako. Hakikisha imesajiliwa kwa barua pepe yako mwenyewe, siyo ya rafiki aliyekusaidia, na kwamba huduma uliyochagua inakuruhusu kuihamisha. Google Podcasts ilifungwa mwaka 2024. Waliokuwa na RSS yao waliendelea kusikika kwenye programu nyingine siku hiyohiyo.

Unapojaza fomu, kwenye lugha chagua Kiswahili. Wengi wanaiacha Kiingereza kwa sababu ndivyo fomu inavyofunguka, kisha wanashangaa anayetafuta vipindi vya Kiswahili hawaoni. Picha ya jalada iwe mraba, pikseli 3,000 kwa 3,000, na maneno machache yanayosomeka ikiwa ndogo kama ukucha. Jina la kipindi liseme kilichomo: "Pamba, nyundo na jahazi: fundi wa kalafati Pangani". "Kipindi cha 4" hakuna atakayekitafuta.

Fikiria bando la msikilizaji. Maneno matupu yanasikika vizuri kwa MP3 ya mono ya kilobiti 64 kwa sekunde, na dakika 25 zinakuwa MB 12. Ukiweka kilobiti 128 zinakuwa MB 24, na hakuna atakayesikia tofauti ndani ya daladala. Wasikilizaji wangu wengi wa kwanza walinipata kupitia makundi ya WhatsApp, kwa kipande cha dakika moja na kiungo chini yake.

Muziki wa watu usiuguse bila ruhusa ya maandishi, hata sekunde kumi. Hizo sekunde kumi hazikulindi kisheria. Mimi nilimlipa kijana wa mtaani anayepiga udi, akanipa dakika mbili ambazo ni zangu. Kama uko Tanzania, soma pia kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ujue kama kipindi chako kinahitaji leseni. Zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa tena baadaye, kwa hiyo usitegemee ulichosimuliwa na aliyeanza zamani. Soma toleo linalotumika sasa.

Usitoe kipindi cha kwanza mpaka uwe na vitatu vilivyokamilika. Ugonjwa, msiba, umeme, mtihani, vyote vitakuja, na akiba hiyo ndiyo itakayokubeba. Chagua wiki mbili mbili badala ya kila wiki. Mimi nilijaribu kila wiki na nikaanguka kabla ya kufika kipindi cha nane, nikakaa kimya miezi mitano.

Na kabla hujatangaza popote, mpelekee mgeni wako nakala. Mzee wa Pangani hana simu janja. Nilimwekea kipindi kwenye memori kadi ya kitochi chake, nikamwonyesha kitufe cha kubonyeza, naye akakaa palepale chini ya mkungu akakisikiliza mpaka mwisho, mafundi wenzake wakiwa wameshusha nyundo.