Nani kaondolewa lawama? Maswali yenu kuhusu katuni zilizogeuzwa filamu

Wiki iliyopita niliandika mistari mitatu tu kwamba filamu ya V for Vendetta ni nzuri, ila kitabu chake cha katuni kina ugomvi mwingine kabisa. Nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Haya ndiyo maswali niliyoweza kuyajibu.

Kaka, filamu nimeitazama mara nne, kitabu sijawahi kukishika. Ugomvi gani huo? Si kote kote wanampinga dikteta? – Msomaji, Morogoro

Kote wanampinga, ndiyo. Tofauti ni huyo dikteta kaingiaje.

Kitabu kilianza kama hadithi ya mfululizo katika jarida la Uingereza liitwalo Warrior, mwaka 1982, Margaret Thatcher akiwa waziri mkuu. Mtunzi ni Alan Moore, mchoraji David Lloyd. Humo, vita vya nyuklia vimeangamiza nchi nyingine, Uingereza imeponea chupuchupu, lakini hali ya hewa imeharibika, mafuriko yamekuja, njaa imeingia na magenge yanatamba mitaani. Chama cha kifashisti, Norsefire, kinajitokeza na kuahidi utulivu. Watu wanakipokea. Kisha weusi, Waasia, mashoga na wasoshalisti wanaanza kuchukuliwa, na majirani wanafunga madirisha. Hakuna njama ya kufichua pale. Kila mtu alikuwa anajua.

Filamu ilitoka 2006, kipindi cha George W. Bush na vita vya Iraq. Mwongozaji ni James McTeigue, na mwongozo wa filamu uliandikwa na Wachowski, wale wa The Matrix. Humu, ugonjwa ulioua maelfu ulisambazwa na vigogo wa chama chenyewe ili wananchi waogope na wawape kura. Umeona kilichofanyika? Wananchi walidanganywa tu, masikini. Wakishaujua ukweli wanavaa barakoa kama ya V, mpinzani wa utawala ambaye ndiye shujaa wa hadithi, wanaingia barabarani, bunge linalipuka kwa fataki na muziki wa Tchaikovsky, tunatoka ukumbini tumefurahi. V anawaambia kwenye televisheni wajitazame kwenye kioo, lakini hadithi nzima baadaye inakificha kioo hicho.

Kwenye kitabu, hotuba ya V ni ya bosi aliyemwita mfanyakazi mvivu ofisini, na mfanyakazi huyo ni binadamu wote. Anatukaripia sisi kwa kuwachagua wajinga na wauaji watuongoze, karne baada ya karne. Wala hataki serikali nzuri zaidi. Anataka pasiwe na serikali yoyote, na kitabu hakikupi uhakika kwamba hilo litafaa: baada ya utawala kuanguka kuna uporaji na giza, na mkaguzi wa polisi, Finch, anatembea peke yake kuuacha mji.

Nikuongezee moja ambalo watu hulipita. Evey, msichana anayeokolewa na V, kwenye filamu ni mfanyakazi wa kituo cha televisheni aliyekamatwa nje wakati wa amri ya kutotoka. Evey wa kwenye kitabu ni binti wa miaka 16, ujira wake wa kiwandani haumtoshi, na usiku huo ametoka kwenda kuuza mwili kwa mara ya kwanza. Filamu imeufuta umaskini huo tangu mwanzo. Mimi hilo linaniudhi kuliko zile fataki.

Ni kweli Moore alikataa hela ya filamu? Mbona hana akili? – Msomaji, Kisumu

Ni kweli. Aliagiza jina lake liondolewe na fungu lake wapewe wachoraji. Ukitazama orodha ya majina utamwona David Lloyd peke yake, naye Lloyd aliiunga mkono filamu, kwa hiyo usidhani wawili hao walikuwa sauti moja. Malalamiko ya Moore yalikuwa wazi: kazi yake ilihusu ufashisti na wapinga serikali, siasa mbili zenye majina, nayo ikageuzwa mzozo wa Kimarekani na watu wasiothubutu kuuweka mzozo wao nchini kwao. Kuhusu akili yake, sisi ambao hatujawahi kukataa hundi ya Hollywood tunyamaze kidogo.

Shikamoo. Nafanya kazi Manama. Naambiwa ile barakoa ya V huku ni marufuku. Ni uvumi? – Msomaji, Bahrain

Marahaba. Si uvumi. Mwaka 2013 serikali ya Bahrain ilipiga marufuku kuiingiza nchini, kwa sababu waandamanaji walikuwa wakiivaa. Mchoro ni wa Lloyd, sura ni ya Guy Fawkes, aliyekamatwa mwaka 1605 na baruti chini ya bunge la Uingereza. Kichekesho ni kwamba haki ya sura hiyo iko kwa Warner Bros. Kila barakoa halali inayonunuliwa na mtu anayepinga makampuni makubwa, kampuni kubwa inapata chake.

Na Watchmen? – Msomaji, Mbeya

Kwa kifupi: kwenye kitabu hicho cha katuni cha Moore na mchoraji Dave Gibbons (1986–87), shujaa wa zamani aitwaye Veidt anaua mamilioni New York kwa dude la kutisha ili Marekani na Wasovieti wadhani wamevamiwa na viumbe wa anga za mbali, waache kupigana. Filamu ya Zack Snyder, 2009, ikamsingizia Doctor Manhattan, mtu mwenye nguvu zisizo za kawaida, ambaye dunia nzima inamjua kuwa silaha ya Marekani. Sasa Mrusi gani angekubali kupatana na Marekani baada ya kupigwa kwa silaha ya Marekani? Wanaoipenda filamu hiyo watanijibu. Nawasubiri.

Mwalimu, unavyosema ni kama filamu zote zinapoza tu. Hakuna iliyokoleza? – Msomaji, Bukavu

Ipo. Snowpiercer. Kitabu ni cha Kifaransa, Le Transperceneige, cha mwaka 1982, cha Jacques Lob na Jean-Marc Rochette: dunia imeganda, waliobaki wako ndani ya treni isiyosimama, matajiri mbele, mafukara mkiani. Lakini kitabuni hakuna mapinduzi. Mhusika mkuu, Proloff, anatoroka mkiani peke yake, na wenzake aliowaacha hatuwaoni kabisa. Ni kitabu cha upweke zaidi kuliko cha matabaka.

Bong Joon-ho wa Korea Kusini, 2013, akakigeuza kuwa uasi wa behewa kwa behewa. Angeishia hapo ingekuwa filamu ya kupiga makofi tu. Hakuishia. Uasi wenyewe unagundulika ulipangwa kati ya mwenye treni na mzee aliyeheshimiwa mkiani, ili idadi ya watu ipungue. Shujaa anakiri kwamba siku za mwanzo alikula nyama ya watu. Na ndani ya injini kuna mtoto wa mkiani aliyepachikwa mahali pa spea iliyokwisha. Hakuna aliyesafishwa, si wa mbele, si wa nyuma. Hiyo ndiyo maana nasema shida si sinema.

Mtunzi akiongoza filamu mwenyewe, siasa si inabaki salama? – Msomaji, Unguja

Inabaki zaidi. Marjane Satrapi aliongoza Persepolis, filamu ya vitabu vyake vya katuni kuhusu utoto wake Iran, mwaka 2007 pamoja na Vincent Paronnaud, wakaiacha katika rangi nyeusi na nyeupe kwa sehemu kubwa, na Cannes wakaipa tuzo ya majaji. Kilichopungua ni mabishano: vitabu vina nafasi ya babu aliyefungwa, ya wafungwa waliotoka na kusimulia mateso, ya wazazi kubishana mezani juu ya Shah, mfalme wa Iran, na Waingereza. Filamu inayapitia mbio.

Ila sikiliza hili. Oktoba 2011 kituo cha Nessma cha Tunisia kiliirusha ikiwa na sauti za Kiarabu cha huko, na zikazuka ghasia kwa sababu ya Mungu kuchorwa kama mzee mwenye ndevu. Mwaka uliofuata mwenye kituo akatozwa faini ya dinari 2,400. Mzee huyo huyo alikuwa kitabuni tangu mwaka 2000.

Nianze na kipi, kitabu au filamu? Na je, unaweza kuniazima chako? – Msomaji, Tabata

Anza na filamu, maana ukianza na kitabu cha V utakuwa msumbufu kama mimi, kila tukio unamsimamisha mwenzako kumweleza. Kuazima, hapana. Nakala yangu ya kwanza ilikwenda huko huko Tabata.