Masika Yanakuja, Baba Yuko Lindoni

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tumepanga vyumba viwili Kigogo, bondeni, jirani kabisa na mto Msimbazi. Mume wangu ni mlinzi, usiku yuko lindoni. Nabaki na watoto watatu, wa mwisho ana miaka miwili, na mama mkwe ambaye miguu haina nguvu. Kila masika nalala kwa mang'amung'amu. Najua kuhama ndiyo dawa, ila kodi za huko juu hatuziwezi kwa sasa. Maji yakija usiku nifanyeje?
Mama Watatu, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara mbili, maana Desemba 2011 nilikuwa bonde hilo hilo, upande wa Magomeni. Mafuriko yale yaliua watu wasiopungua 40 jijini. Sisi tulipona, lakini kuna mambo mawili yananiuma mpaka leo. Maji yanaingia, sisi tunahangaika kupandisha cherehani na godoro juu ya kabati. Na mtoto wangu wa kati nilidhani yuko kwa jirani, jirani naye akadhani yuko kwangu. Tulimkuta kasimama juu ya meza, peke yake, gizani.

Kwa hiyo anza na watu, vyombo baadaye. Siku mume wako akiwa mapumziko, kaeni wote mgawane. Mdogo anabebwa mgongoni kwako kwa kanga, na kanga hiyo ilale kichwani pa kitanda. Mkubwa anamshika mkono wa kati, hamwachii hata akiitwa na nani. Mama mkwe humuwezi peke yako, usijidanganye. Zungumza sasa na vijana wawili wa jirani, uwaonyeshe kiti cha plastiki watakachombebea. Wambebe siku moja kwa majaribio, mpaka barabarani, naye mwenyewe aseme panapomuumiza.

Mnaenda wapi? Hapa ndipo wengi tunakosea. Sisi tulisema tutakimbilia kwa kaka yangu Kariakoo. Maji yalipojaa Jangwani barabara ikafungwa, kaka yuko ng'ambo tunamtazama tu. Chagueni nyumba iliyo upande wenu wa mto, mwinukoni, ambayo hamvuki mfereji wala kalavati kuifikia. Mume wako ajue ni huko huko atakakowakuta, asije akaingia bondeni kuwatafuta. Mtandao ukisumbua, kila mmoja apige kwa ndugu mmoja wa mkoani, huyo ndiye awe wa kupokea habari. Namba yake mtoto mkubwa aikariri kichwani, simu inazima chaji.

Sasa lini mtoke. Mwanangu, usipime mafuriko kwa mvua ya bati lako. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu. Kunaweza kunyesha huko wewe umelala kwenye ukavu, na maji yakakufikia. Ikiangukia bamvua, mwezi mchanga au mpevu, bahari inajaa pale Selander na mto unakosa pa kumwagia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa, mama mkwe na mdogo wapelekeni juu jioni ile ile, kungali na mwanga. Mvua isipokuja, mmekula ugali kwa watu, basi. Nyie mliobaki wekeni alama ya rangi kwenye ukuta wa mfereji. Maji yakiigusa mnatoka, hata kama sebuleni bado ni kavu.

Vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki na dawa za bibi vifunge kwenye nailoni mbili, uvitie katika ndoo yenye mfuniko, mlangoni. Ongeza tochi na dumu dogo la maji ya kunywa. Zima swichi kubwa ya umeme mapema, ila kama umeshasimama kwenye maji, usiiguse kabisa. Maji yanayokimbia usiyavuke, hata ya magotini. Yanambeba mtu mzima. Na yale yamechanganyika na vyoo, kwa hiyo mkirudi, maji yote ya kunywa yachemsheni, kipindupindu hufuata nyuma.

Zimamoto na Uokoaji ni 114. Wafundishe watoto namba hiyo pamoja na jina la mtaa na alama ya karibu, msikiti au duka, maana mtoto akishikwa na hofu husema tu "nyumbani kwetu".

Mume akirudi kutoka lindoni, msomee barua hii kabla hajalala.