Ameshachomwa, lakini kadi hana

SWALI: Daktari, shikamoo. Jirani kanipa mtoto wa mbwa wa wiki nane. Anasema wote walishachomwa chanjo na kijana mmoja wa pikipiki, ila hakuacha kadi. Akila, tumbo linajaa kama ngoma. Wanangu wanataka kumtembeza mtaani. Nimchanje tena?
Mama wa watatu, Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Mchanje. Mbwa asiye na kadi namhesabu hajachanjwa, na kurudia hakumdhuru.

Vijana hao nawajua. Mmoja nilimsimamisha, akachomoa kichupa mfukoni mwa shati, kina joto kama yai lililotoka chini ya kuku. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huja ikiwa unga mkavu ulioganda chini ya kichupa. Hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na maji yake hutiwa pale pale mbwa anapochomwa. Yeye alishachanganya alfajiri, nyumbani kwake! Mteja analipia maji.

Hata ya kwangu, inayotoka kwenye deli la barafu, sindano moja haitoshi. Mtoto wa mbwa hupata kinga kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, na kinga hiyo hiyo huiua chanjo kabla mwili haujaitambua. Kwa mmoja huisha wiki ya 8, kwa mwingine ya 14, na kwa macho hujui. Kwa hiyo tunarudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa ni sindano yake pekee, akitimiza miezi mitatu, halafu kila mwaka. Ulizia ofisi ya mifugo. Karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi huchanja bure.

Tumbo hilo nadhani ni minyoo. Dawa hupimwa kwa uzito wake, usimkatie vidonge vya wanao. Nao wanawe mikono, minyoo hiyo huwapata watoto pia.

Mtaani bado. Mbwa wangu wa kwanza, nikiwa mwanafunzi wa mifugo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), nilimpeleka gengeni akiwa na chanjo moja tu. Siku ya tano akaharisha damu, ya saba nikamzika. Mwanafunzi wa mifugo, hebu fikiria. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi na miezi, hata kama mbwa mgonjwa humwoni. Acheze uani kwako.

Siku ya kuchanja, mwombe daktari abandue lebo ya kichupa, aibandike kwenye kadi mbele yako.